Ameku—

Saa mbili na dakika arubaini usiku, Iquitos.
Nje mbingu ni safi, wingu hata la dawa hakuna,
na ndiyo maana daktari mgeni ananikodolea macho:
"Rosaura, kama hakuna mvua, simu inakatwa na nini?"

Simjibu. Sikio langu liko kwa Puanchir,
huko juu ya mto Pastaza, siku kadhaa kwa boti,
wiki yake ya tatu zahanatini.
Sauti yake inapanda hadi kwenye setilaiti, inanirudia
kama shuka iliyopita kwa panya:

*Entsakua ameza— tangu jioni— da—*

Da. Nangoja silabi ya pili.
Damu? Dawa? Dakika?
Mwezi wa Machi, jua likishatua,
mimi hulipwa mshahara kwa kukisia mikia ya maneno.

Mhandisi Ccopa alipokuja kufunga antena
nilimpa samaki wa kuchoma, akanilipa maelezo.
Usilisingizie wingu, alisema, wingu liko hapo mlangoni;
mwizi wako yuko kilomita mia tatu juu.
Mchana kutwa jua huipasua hewa ya huko,
huiacha imejaa chaji, tabaka juu ya tabaka.
Likizama, tabaka za chini hujiponya upesi, hutoweka,
za juu hubaki na uzito wao,
mzigo kichwani pa mtu aliyenyang'anywa miguu.
Ndipo wepesi wa chini unapotoboa kwenda juu:
mapovu, mama, mapovu mapana kuliko wilaya,
na sisi tunaoishi chini ya ikweta ya sumaku
tumejenga jikoni kabisa.
Nyota humetameta kwa fujo za hewa ya chini.
Sauti yako humetameta kwa fujo za hewa ya juu.

Akajifuta mafuta vidoleni. Mimi niliona haya:
miaka yote ile nilikuwa naipiga simu makofi.

*—mu nyingi—*

Damu, basi.

Puanchir, sikia. Kumi. Sindano. Pajani. Kumi.
Nambari ni kitu cha hatari kwenye hewa kama hii,
siiweki ndani ya sentensi,
naitupa peke yake, kama mtu arushaye kokoto
dirishani kwa jirani aliyelala fofofo:
kumi. Paja. Kumi. Mkande tumbo, usiache. Kumi.
Mapovu yanasogea mashariki. Kati ya povu na povu
mna ufa. Moja itaupata.
Kumi.

Mchanga sikioni. Kimya. Mchanga.
Daktari mgeni amevuta kiti, ameacha kuuliza.
Saa tatu na nusu, wazi kama kijiko kwenye glasi:

*Rosaura, Entsakua ameku—*

Ni vile vitenzi vifupi,
vinavyobeba *ku* yao kila vinakokwenda.
Amekuja. Amekula. Amekuwa, amekuwa nini?
Kingine sikukitamka,
lakini nilikiona kimekaa mezani mbele yangu,
mikono kaikunja, hana haraka.
Saa mbili na nusu tulitazamana.

Saa sita mbingu ikachoka. Hakuna aliyeona.
Nyota zile zile, vyura wale wale,
taa ya kijani kwenye simu tu ndiyo iliyoacha kutetemeka.

*—nywa, nilikuwa nasema. Amekunywa bakuli zima la masato,
anadai jingine, na mama yake anamgombeza.
Mtoto analala. Damu ilikoma zamani.
Ile nambari, Rosaura, uliisema mara ngapi?
Mimi niliipata mara moja.*

Nikaitazama karatasi.
Vijiti hamsini na tatu, sikumbuki kuvichora.

Lala, nikamwambia,
na neno hilo likafika zima.